Dirisha la Tisa

Dirisha moja lilikuwa limepotea.

Benite alizitazama tena picha mezani. Zilikuwa saba, zote za ndani ya kanisa kubwa, zilizopigwa kutoka mahali pamoja huku kamera ikigeuzwa kidogo kidogo. Kazi yake ilikuwa kuzikata kwa wembe na kuziunganisha kwa gundi mpaka jicho lisione zilipokutana, kanisa lote lienee katika picha moja ndefu. Alikuwa amekwisha kuziunganisha. Ubavu wa kulia ulikuwa na madirisha manane. Katika picha ya nje, ambayo ingewekwa chini yake kwenye fremu hiyohiyo, ubavu huohuo ulikuwa na tisa.

Nimelikata bila kujua, aliwaza. Tangu aanze kazi studio hakuwahi kuharibu picha.

Mzee Sultani, mwenye studio, alikuwa akipangusa lenzi. "Unatafuta nini, mwanangu?"

"Apana kitu, Baba."

"Basi fanya mbio. Kapiteni anakuya kesho. Ule si mutu wa kuambia arudi Jumatatu."

Kapteni Gélase alihamishiwa Bujumbura mwanzoni mwa mwaka ule wa 1996. Siku aliyoleta oda alivua kofia, akaongea kwa upole. Picha ilikuwa ya kumpa mama yake, aliyekuwa hawezi tena kutembea. "Nataka aone fasi ninasaliaka," alisema. "Lakini mahubiri ya Padri Fortunat ni marefu, dada! Mi nakaaka pale naesabu taa mpaka Amina."

Sultani alicheka sana. Benite naye alicheka kidogo, macho chini. Alijua, kama mtaa mzima ulivyojua, kwamba askari wa Kapteni ndio waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta wanafunzi waliokimbia chuo mwaka uliopita. Waliopatikana hawakuonekana tena.

Kaka yake, Moïse, alikuwa mmoja wa waliokimbia. Miezi minane hakuwa amemwona. Alichokuwa nacho ni kipande cha karatasi alichopewa na Padri Fortunat, kilichomwachia unga mweupe vidoleni alipokikunjua. Mwandiko ulikuwa wa Moïse: *Tuko kumi na wawili. Tumejifunza kukohoa bila sauti.* Padri alikataa kusema ni wapi.

"Kile haujue," alimwambia, "hakuna mwenye atakitoa mu kinywa chako."

Mchana, Sultani alipokwenda kuswali, Benite alirudi kwenye filamu. Akaziinua kwenye mwanga moja baada ya nyingine. Hakuwa amekata kitu. Basi akafunga mlango, akatembea haraka mpaka kanisani, akasimama katikati, akahesabu.

Manane.

Mbele, baada ya dirisha la nane, nyuma ya altare, ukuta ulikuwa mweupe kuliko kuta nyingine. Alisogea akaugusa. Haukuwa wa matofali. Ulikuwa wa mbao zilizopakwa chokaa. Alipovitazama vidole vyake, vilikuwa na unga mweupe.

Alitega sikio. Hakusikia kitu, hata kikohozi. Akafanya ishara ya msalaba na kutoka.

Padri alikuwa Gitega mpaka Jumapili. Picha ya nje haikuweza kubadilishwa: Kapteni alikuwa amekwisha kuiona na kuisifu. Picha hizo mbili zingetundikwa sebuleni kwa Kapteni, alikoishi na mama yake, moja juu ya nyingine, na maofisa wenzake wangekaa mbele yazo wakinywa bia. Juu manane, chini tisa. Angetosha mmoja tu mwenye macho.

Benite alijifungia kwenye chumba cha giza. Alisafisha upya picha ya dirisha la tano, akaipunguza kidogo. Akaikata, akaichonga kingo kwa wembe mpaka zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, akaibandika kati ya la tano na la sita. Kivuli akakitia kwa penseli laini.

Jioni Sultani aliiinua picha kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku. "Wallahi, hata mi niliyeipiga sioni umeunga wapi. Mungu akuwekee hii mikono."

Kapteni alifika asubuhi, kofia mkononi. Fremu ilikuwa imelazwa mezani. Aliinama, akaweka kidole kwenye dirisha la kwanza la picha ya juu, akaenda nacho hadi la pili, taratibu, midomo ikicheza. Benite alishika ukingo wa meza. Kidole kilipita la tano. Kilipita alilolibandika. Kikafika mwisho.

"Tisa," alisema Kapteni. "Kazi nzuri, dada. Mama atalia."

Benite alishusha pumzi. Kwa mara ya kwanza tangu jana, alitabasamu.

"Nzuri sana," Kapteni alirudia, bila kuinua kidole. "Lakini mi siesabuake taa tu. Hizi dirisha naziesabu kila Jumapili, na kila Jumapili iko munane."

Kisha akakishusha kidole kwenye picha ya nje, ambayo madirisha yake hakuwahi kuyahesabu, akaanza:

"Moja. Mbili."