Kifaa Kilichokataa Kupata Moto

Katika soko la vifaa vya umeme la Shenzhen, Yuqing alikiona kifaa chake kwenye meza ya jirani. Kile kile cha kuwasaidia wasiosikia vizuri, alichohangaika kukibuni mwaka mzima.

"Umeniibia."

"Nimekuiga, dada. Kama wewe ulivyoiga redio yangu." Jirani alimsogezea kikombe cha chai. "Shika hiki kifaa kwanza, matusi baadaye."

Alikibana kifaa kiganjani, akingoja kipate joto. Kile alichotengeneza yeye kilichoma sikio kabla mtu hajamaliza bakuli la tambi, na wateja walikuwa wamekirudisha wakifoka. Akaendelea kukibana. Chai ikapoa. Kifaa kikabaki baridi kama kokoto ya mtoni.

"Umefanyaje?"

"Nimehamisha betri. Fungua uone, hapa hatufichani."

Alikifungua. Pale ilipokaa betri katika kifaa chake pamebaki nafasi tupu, pana kama ukucha wa kidole gumba. Yuqing aliitazama ile nafasi mpaka akasahau kukasirika.

"Hapa inaenea maikrofoni ya pili," alisema polepole. "Mtu atajua anaitwa kutoka upande gani."

Jirani akaweka kikombe chake mwenyewe chini. "Hilo sikuliwaza."

"Basi nipishe." Yuqing alikuwa ameshakalia kiti cha jirani, bisibisi mkononi. "Kesho utaniiga tena."