Uvimbe Ukiinuka

Uvimbe ukiinuka, mumewe atalala nyumbani leo. Usipoinuka, atapasuliwa, na kwa pale ulipo, chini kabisa karibu na njia ya haja, hakutabaki pa kuunga utumbo. Atavaa mfuko wa choo tumboni maisha yake yote.

Nesi aliyajua hayo kwa miaka kumi na tisa. Tofauti ya leo ni kwamba aliyelala kitandani alikuwa wa kwake.

"Dada, una hakika utaweza?" daktari alimuuliza mlangoni. "Nimwite mwenzako?"

"Nitaweza, daktari. Zamu hii nimeiomba mwenyewe. Simwachii mtu."

Daktari aliguswa. Mke wa namna hii, alimwambia, siku hizi humpati.

Mume alikuwa kalala ubavu, magoti kifuani, na maneno bado hayajamwisha. Fundi suti yule, mtanashati wa kutupwa, mdomo wake haukuwa na breki hata pale.

"Daktari, umeoa? Usije ukaoa nesi wa chumba hiki! Mimi wangu namlaza chumba cha watoto. Akivua viatu tu, nyumba nzima inajua kwa harufu leo ameshika nini."

Daktari alicheka. Nesi naye alicheka, akampangusa mumewe jasho la shingoni, taratibu, kisha akamdunga dawa ya usingizi. Midomo ya nesi ilikuwa ikichezacheza kama ya mtu anayeomba dua.

Taa zikapunguzwa. Uvimbe ukajitokeza kwenye skrini, bapa, mwekundu, mpana kama kifuniko cha chupa. Daktari aliukagua pembe zote. Hauna kidonda, haujachimbika.

"Huu tunaweza kuutoa bila kisu," alisema. "Tuujaribu."

Kazi hiyo ni ya watu wawili. Daktari anaongoza mpira wenye kamera na kuchomeka sindano chini ya uvimbe, macho hayabanduki kwenye skrini. Nesi, nyuma yake, ndiye anayesukuma maji ya bluu kwa bomba la mililita kumi. Uvimbe wa juujuu huinuliwa na yale maji, ukanaswa kwa waya na kukatwa. Uliozama hubaki palepale, na huo haukatwi.

"Sukuma."

"Nasukuma, daktari."

Kwenye skrini hakuna kilichobadilika.

"Ongeza."

"Naongeza."

Daktari alihamisha sindano mara tatu. Uvimbe ulikaa vilevile, kama umegandishwa. Akauma meno.

"Yote yameingia?"

"Yote."

"Basi pole, dada. Umezama. Nikiulazimisha nitatoboa utumbo. Wacha aende kwa wapasuaji."

"Na mfuko?"

"Na mfuko. Hakuna namna."

Machozi yakamtoka nesi. Daktari alimshika bega, kisha akatoka kwenda kumweleza wifi wa nesi, dada wa mgonjwa, aliyekuwa amekaa roho juu kwenye benchi la nje. Punde kilio cha wifi kilisikika hadi ndani.

Nesi alikusanya vifaa, akaingia chumba cha kuoshea na kujifungia. Akaliinamisha bomba la sindano juu ya sinki, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akasukuma. Maji ya bluu yakatiririka, mililita kumi, zote kumi.