Sketi ya Miaka Mitatu

Fundi aliusukuma mlango wa ofisi kwa bega, maana mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia sketi ya shule kana kwamba kuna mtu anataka kumpokonya.

Mtu mwenyewe alikuwa ameshafika. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao, mkoba mapajani, ametulia kama mtu anayesubiri dawa hospitalini.

"Habari za asubuhi, wifi."

"Usinisalimie."

Afisa wa kusaidia biashara ndogo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Mezani palikuwa na fomu mbili zilizoeleza kitu kimoja. Ya kwanza aliileta wifi juzi. Ya pili aliileta fundi jana, na alipoambiwa kwamba kuna mwenzake ametangulia, alipiga kelele mpaka watu wa ofisi ya jirani wakatoka nje.

"Wazo moja naliandikisha mara moja," afisa akasema. "Atakayeandikwa ndiye atakayepewa cherehani tatu na chumba cha kuanzia. Na mtu mwingine yeyote akiishona sketi hiyo kuuza, ni kesi. Kwa hiyo mnieleze vizuri."

"Nieleze nini tena? Nimeibiwa!"

Fundi akaitandaza sketi mezani, juu ya fomu zote mbili. Akaugeuza upindo. Ndani palikuwa na mikunjo mitatu iliyolaliana, kila mmoja umeshikwa na mshono wake wa mnyororo. Mtoto akirefuka, mzazi anavuta uzi mmoja tu, mkunjo unaachia, sketi inashuka vidole vinne. Hakuna wembe, hakuna kurudi kwa fundi. Sketi moja, miaka mitatu.

Afisa akaipapasa kwa kidole gumba. "Hii ni akili. Wazo lenyewe lilikujaje?"

"Lilikujaje? Lilikuja dukani kwangu! Kwenye cherehani yangu, kitambaa changu, uzi wangu. Huyu nilimpokea na begi moja, ameachika, macho yamemvimba. Nikamwambia kaa, wifi. Kula kwangu, lala kwangu, shona kwangu. Mwaka mzima! Mimi nahangaika na wateja huku mbele, yeye yuko kule nyuma ananichekea. Kumbe nafuga nyoka!"

"Wifi, punguza sauti," akasema yule wa kwenye benchi. "Humu hamna kelele za cherehani za kushindana nazo."

Afisa akacheka bila kutaka, kisha akajikohoza. Fundi akazidi kuwaka. Mshipa wa shingo ulimsimama.

"Unamwona? Ndiyo dharau zenyewe hizo! Hata mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, alisema kila kinachotoka kwenye duka lile ni changu. Kaka yake! Mpigie simu umuulize!"

Afisa hakuigusa simu. Akamgeukia wifi. "Na wewe, mama, una lipi?"

"Mwache amalize kwanza. Kifua kimemjaa."

"Usinionee huruma!" Fundi alipiga meza kwa kiganja, kalamu ikaruka na kuanguka sakafuni. Hakuna aliyeinama kuiokota. Alitaka kumwona mwanamke yule akilia tena kama siku ile ya begi. Alitaka aombe msamaha hapa hapa, mbele ya mtu, halafu arudi nyuma ya duka alikotoka, au aende zake kabisa.

"Basi," afisa akasema. "Maneno nimeyasikia. Sasa, mama fundi, nifungulie huo mkunjo wa kwanza nione unavyofanya kazi."

"Hilo tu?"

Fundi akapandisha mikono ya gauni. Akaushika uzi pale ulipochungulia, akavuta. Uzi ukakaza. Akavuta tena, kitambaa kikajikusanya kama uso wa mtu aliyelamba ndimu, mkunjo ukagoma. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Uzi wenyewe wa bei ya chini," akanung'unika.

Akauzungusha kwenye kidole, akavuta kwa hasira zote, hasira za mwaka mzima. Uzi ukamkata ngozi. Mkunjo palepale.

Wifi akasogea mbele kidogo kwenye benchi.

"Siyo huko, wifi," akasema kwa upole. "Vuta upande ule mwingine, kama nilivyokuonyesha siku ile."

"Najua!" fundi akafoka, akaigeuza sketi, akavuta, na uzi wote ukachomoka kwa mkupuo mmoja, ukabaki mkononi mwake, mkunjo ukaachia.