Pumzi za Dereva

"Haraka zaidi! Pumua juu juu, kama mbwa aliyefukuzwa," mke aliamuru.

Dereva wa lori, kaketi ukingoni mwa kitanda, alihema mpaka masharubu yakatikisika. "We mwanamke, utaniua kabla ya hicho kipimo!"

"Ukizembea kesho, utajuta. Moyo unapenda mchapuko."

Moyo haupendi mchapuko, na mke alilijua hilo. Mdogo wake, muuguzi, alikuwa amemweleza: kampuni itawabana madereva kifaa kidoleni, kupima nafasi kati ya pigo na pigo. Moyo uliopumzika haupigi kama saa ya ukutani. Nafasi zake hurefuka na kufupika.

"Mtu akipumua taratibu, zinacheza vizuri," mdogo wake alisema. "Akihema juu juu zinalingana, na mashine inamwita mchovu. Mchovu hapewi safari ndefu. Basi mwambie shemeji apumue polepole."

"Nitamfundisha, mdogo wangu," mke alijibu, uso mkavu.

Alikuwa amechoka kukumbatia mto. Tangu waoane, mume alikuwa wa siku mbili tu, kisha lori linaunguruma. Na mawifi hawakuacha kumuuliza tumbo lini, kana kwamba mimba hutumwa kwa simu.

Kesho yake dereva alirudi mapema.

"Nimeanguka," alisema. "Eti moyo umechoka. Wamenipokonya lori, wamenipa kazi ya bohari. Asubuhi naingia, jioni niko nyumbani."

Mke akajitia huzuni, ingawa miguu ilitaka kucheza. "Pole, mume wangu. Labda hukuhema sawasawa."

"Nilihema mpaka daktari akaniuliza nani ananikimbiza!" Akacheka. Dereva kapokonywa lori, na bado anacheka! Akaingia bafuni akiimba.

Mke akatoa shuka jipya, lile alilokuwa ameliweka kwa ajili ya siku njema. Alikuwa akilinyoosha pembe simu ya mume ilipolia mezani. Akaipokea, mkono mwingine ukiendelea kulainisha mto.

"Baba?" ilisema sauti ya mtoto mdogo. "Mama anasema bohari yenyewe ni hii ya huku kwetu. Kweli sasa utalala nyumbani kila siku?"