Nne ya Kitanda Kitupu

Siku hizo kila aliyelala alikuwa na waya wake chini ya godoro, na ofisi ya mtaa ilijua nani yupo na nani hayupo. Mtu akifariki, waya wake ulikatwa siku ya arobaini. Ndiyo sababu Fundi Zuhura alikuja na koleo nyumbani kwa Bi Mwanahawa, aliyefiwa na mumewe, ingawa alikubali kunywa chai kwanza.

"Kuna kiwambo humu, bibi, chembamba kama utando wa maziwa. Kikilaliwa kinabonyea, umeme unaongezeka. Babu akilala, namba ile ukutani ilisoma kumi na tano."

"Na sasa?"

"Nne."

"Mbona si sifuri, na mtu hayupo?"

"Sifuri ni waya uliokatika. Nne ni waya mzima, unasikiliza, ila hakuna aliyelala."

Bi Mwanahawa akanyoosha shuka upande wa mumewe. "Basi niachie hiyo nne, mwanangu. Sifuri siiwezi."

Zuhura alimtazama, akarudisha koleo mfukoni, akaandika kwamba amekata.

Alipotoka, Bi Mwanahawa aliweka kiganja juu ya godoro. Namba ukutani ikapanda: tano. Akatabasamu, akaondoa mkono.

Tano haikushuka. Ikawa sita, kisha saba, polepole, kama mtu anayejilaza kwa uangalifu asimwamshe mwenzake.

Fundi alikuwa bado barazani akivaa viatu. Ingetosha kumwita mara moja tu.

Bi Mwanahawa akafunga mlango taratibu, akaweka mto wa pili.