Mbuzi wa Wiki Tatu

Asubuhi ya siku ya ishirini na moja mbuzi alikuwa bado hai, tena amenenepa, na kijiji kizima kilijazana kumtazama kama bibi harusi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa, na wanakijiji ndio kwanza walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya nje ya Ikungi. Ghalani kulikuwa na magunia arobaini ya mbegu za mahindi zilizopakwa dawa nyekundu ya kuua wadudu. Mvua haikunyesha, mbegu hazikupandwa. Watu wakaanza kuulizana: tukiziosha vizuri, kwani haziliki?

Bwana Shamba Bonaventura, mtu wa hesabu sana, hakutaka kubahatisha.

"Mbuzi huyu ana kilo thelathini. Kila siku atakula kibaba kimoja cha mbegu zilizooshwa. Akivumilia wiki tatu, mtu wa kilo sitini atavumilia vibaba viwili."

Hakuna aliyembishia. Nani ana nguvu za kubishana na hesabu tumbo likiwa tupu?

Kazi ya kumlisha alipewa Marietha, mjane asiyewahi kuokota hata ukuni wa mtu. Kila asubuhi alipimiwa kibaba chake, akakiosha mara tatu mbele ya watu, kisha akaingia nacho kwenye kibanda cha mbuzi na kufunga mlango. Alisema mbuzi huyo akiona watu hali. Akitoka, bakuli lilikuwa jeupe. Mchana alimkatia majani ya mgunga.

Roho yake yote ilikuwa kwa Felista, bintiye wa miaka saba, aliyebaki peke yake baada ya njaa kuwachukua wadogo zake wawili. Wiki ya tatu mtoto alianza kutetemeka mikono na kujigonga mlangoni.

"Ni njaa hiyo, mama Felista," jirani yake Rahabu alimfariji. "Vumilia tu. Mbuzi akimaliza siku zake, mtoto naye atashiba."

Marietha alimwendea Bonaventura, akapiga magoti, akamsihi apunguze siku. Bonaventura akamwambia hesabu haina huruma. Alilisema hilo kwa fahari, mpumbavu yule.

Sasa, siku ya ishirini na moja, Bonaventura alimpandisha mbuzi kwenye mizani: kilo thelathini na mbili. Akamgeukia Marietha.

"Mama, alikula zote? Kila siku?"

Watu mia mbili walikuwa wakimtazama.

"Zote," akasema. "Hakubakisha punje."

Vigelegele vikapasuka. Ghala likafunguliwa, na kufika mchana hakukuwa na nyumba isiyofuka moshi. Wazee walichemsha, wajawazito walichemsha, hata wagonjwa walilishwa vitandani.

Marietha aliingia kwake na mgao wake. Felista akaja akipapasa ukuta, macho wazi, uso ameuelekeza kusiko na mtu. Akatumbukiza mikono kwenye kapu.

"Mama, hizi ni zetu?"

"Ni zetu, mwanangu. Leo kijiji kizima kinakula."

Mtoto akatabasamu.

"Basi leo mbuzi naye aonje zake."