Darasa la Madini Limejaa

Waimbaji wa besi walivalishwa helmeti za bodaboda, soprano wakapewa za wajenzi, na Bathsheba, kiongozi wa kwaya ya Wasabato wa Kiogoro, akajitwalia ile nyeupe ya mkuu wa idara. Ilimkaa vizuri kuliko mwenyewe.

Mwenyewe, Daktari Jethro Anyona, hakuwa na muda wa kuona wivu. Mkaguzi kutoka Nairobi alikuwa njiani, na Idara ya Uhandisi wa Madini katika chuo kikuu cha pale Birongo ilikuwa na walimu watatu, mashine ya kusaga mawe, na mwanafunzi mmoja. Mmoja, jamani! Wengine wote walikuwa wamehamia kompyuta, wakiaga kwa upole kama watu wanaotoka matangani.

Aliyebaki ni Laila, binti wa wauza magodoro mjini Kisii, aliyependa mawe tangu utotoni na hakuona haya kusema hivyo. Mkaguzi akikuta darasa tupu, idara ingefungwa. Jethro angepelekwa kufundisha hesabu za biashara, na Laila kusomea mambo ya hoteli. Laila alikuwa ameapa kwamba heri arudi kwenye magodoro. Wazo la kuijaza kwaya darasani kama wanafunzi lilikuwa lake.

Tatizo ni kwamba Bathsheba alikubali kwa sharti.

"Kukaa tutakaa, mwalimu, na kofia tutavaa," alimwambia Jethro. "Lakini sisi ni watu wa kanisa. Akiniuliza kitu, nitamwambia ukweli."

Jethro akajipa moyo kwamba mtu wa Nairobi hana muda wa maswali. Atachungulia, atahesabu vichwa, atakunywa chai, aende zake.

Gari likaingia. Mkaguzi, Bwana Mohamednoor, mtu mrefu mwenye tai iliyolegea, alipofungua mlango wa darasa kwaya nzima ilisimama kwa mpigo mmoja, kama ilivyozoea akiingia mchungaji. Akabaki ameshika mlango, midomo ikimchezacheza. Kisha akapita kati ya madawati akizitazama helmeti moja moja, uso umemwiva, na Jethro akajua ni hasira.

Akaenda moja kwa moja hadi kwa Bathsheba. Kati ya watu wote, Bathsheba!

"Mama, umekuwa katika masomo haya kwa muda gani?"

"Tangu asubuhi," akasema Bathsheba.

Jethro akaona giza. Laila akainama kufunga kamba za gambuti ambazo hazikuwa na kamba.

Lakini mkaguzi akacheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa cha kujifuta macho. Akauliza kama masomo ni magumu, Bathsheba akasema hawezi kujua, wamefundishwa jiwe moja tu na halikuwasumbua. Akauliza wanatarajia kupata nini wakimaliza hapa. Chakula cha mchana, ikajibu kwaya, kwa sauti zote nne. Huyu ama ni mjinga wa kutupwa, Jethro akawaza, ama Mungu ametukumbuka. Furaha ikaanza kumpanda kutoka magotini.

Maswali yakazidi kuwa ya ajabu. Je, wanaweza safari ndefu? Walishafika Mombasa kwa makambi ya kanisa, na hakuna aliyetapika ila Mathew wa besi. Wanaweza kukaa kimya asubuhi nzima? Hiyo ni ngumu, akakiri Bathsheba, lakini wakiombwa watajaribu. Kuna siku ambayo hawapatikani? Jumamosi. Mohamednoor akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa, na Jethro akadhani anawapangia ziara ya mgodini.

Aliyeulizwa madini hasa ni Laila peke yake. Akaeleza jinsi lile jiwe laini la Tabaka, wanalochongea vinyago, linavyoweza kuchimbwa bila kilima kuwaporomokea wachimbaji. Alieleza mikono ikiruka hewani, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kiingereza, na mkaguzi akamsikiliza bila kucheka hata kidogo.

"Huyu asipotee," alimwambia Jethro kwa sauti ya chini. "Tafadhali, huyu asipotee."

Akatia sahihi pale pale, juu ya dawati la Bathsheba. Idara ibaki.

Ee, ungewaona! Kwaya ikaanza kuimba bila kuombwa. Laila akarusha helmeti yake ikagonga dari, na Jethro, mtu mzima na shahada zake, akacheza mpaka kalamu zikamwanguka mfukoni. Hata wale walimu wengine wawili, ambao walikuwa hawasemezani tangu muhula uliopita, walipeana mikono.

Jethro alimsindikiza mgeni hadi garini huku akimshukuru kwa Kiswahili, Kiingereza na Kigusii. Mohamednoor akatazama huku na huku, akamvuta kando.

"Daktari, hao wakubwa wa Nairobi wameniazima tu kwa kazi ya leo. Mimi ni mkuu wa idara ya madini kama wewe, kule Bonde la Ufa." Akashusha sauti. "Jumanne ni zamu yangu kukaguliwa, na sina hata huyo mmoja. Niachie hii kwaya."